Winchi inavuta, ila nati moja iliyolegea kiwandani imeniulia mota

Naandika nikiwa bado na hasira. Winchi hii ya umeme ya kuvutia gari lililokwama, yenye uwezo wa kuvuta pauni 9,500, volti 12, imechukua nafasi ya ile ya zamani kwenye bampa ya mbele. Kufunga kwenye bampa hakuna shida, matundu yanalingana. Waya zimeunganishwa, rimoti imechomekwa, bonyeza: solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota) inagonga tak, mota kimya. Upande wa kutoa, tak, kimya. Upande wa kuvuta, tak, kimya. Mota mpya kabisa!

Chanzo ni nati. Mota ya aina hii, yenye koili za fildi (nyaya zinazotengeneza sumaku kwa umeme) badala ya sumaku ya kudumu, ina bolti tatu zilizochomoza kwenye bodi yake, zimeandikwa A, F1 na F2, halafu ya nne ni ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kila moja kati ya zile tatu ina nati mbili. Nati ya chini inaishikilia bolti mahali pake pamoja na washa za plastiki zinazoizuia isiguse bodi. Nati ya juu ndiyo inayobana kebo. Ukikaza ya juu huku ya chini haijashikwa, bolti nzima inazunguka, na kwa ndani imeunganishwa na utepe wa shaba unaokwenda kwenye koili. Utepe ule hauna nafasi ya kuzunguka. Unajisokota na kukatika, au washa ya plastiki inapasuka na bolti inalala kwenye bodi. Haihitaji nguvu nyingi, robo mzunguko inatosha.

Mafundi wengi wanajua kwamba nati ya chini hushikwa kwa spana ya pili. Sawa. Lakini kwenye mota hii nati ya chini ni nyembamba mno, spana ya kawaida namba 13 inapanda na kuishika ya juu pia, kwa hiyo lazima uwe na spana nyembamba ambayo haimo kwenye boksi. Na ubaya zaidi, ya F2 ilitoka kiwandani imelegea, inazunguka kwa vidole. Karatasi ya maelekezo ina mchoro wa rangi za kebo na sentensi moja: kaza nati vizuri. Basi. Neno moja tu la tahadhari lingeokoa mota nzima.

Nikapiga simu kwa muuzaji. Fundi wao akaniambia, "Bwana, hiyo umeivunja mwenyewe, waranti haihusu ufungaji," akakata. Hakuuliza multimita inasoma nini! Mtu anayejiita fundi wa winchi angeuliza hilo kabla ya salamu kuisha.

Basi vipimo ni hivi, na vifanyike kabla hujaunganisha hata kebo moja, mota ikiwa bado juu ya meza. Weka multimita kwenye ohmu. F1 kwa F2: karibu sifuri, kwa sababu unapima koili ya fildi. A kwa bodi: karibu sifuri, hapo umepita kwenye brashi (vipande vinavyopitisha umeme) na amecha (sehemu ya ndani inayozunguka). F1 kwa bodi: isisome kitu. F2 kwa bodi: vilevile. A kwa F1: isisome kitu. Ya kwangu F1 kwa F2 haikusoma kitu kabisa, maana yake utepe umekatika, na ndiyo maana mota haikuzunguka upande wowote. Ingekuwa F2 imegusa bodi hali ingekuwa mbaya zaidi: umeme wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye ethi na kebo inachemka hadi ganda linayeyuka.

Mlio wa solenoidi nao unasema kitu. Zikigonga na mota ikanyamaza, tatizo mara nyingi liko kwenye kebo nene, kwenye kontakti za solenoidi zenyewe au kwenye mota. Zisipogonga kabisa, anza na ule waya mwembamba mweusi wa boksi la solenoidi. Bila ethi hiyo hakuna kinachofanya kazi, na watu wengi huuacha ukining'inia wakidhani ni wa ziada.

Utepe unarudishika. Chora mstari kwenye bodi na kifuniko ili kirudi palepale, fungua bolti mbili ndefu, toa kifuniko polepole maana brashi zina springi. Unga utepe kwa kuchomelea kwa fedha. Usitumie lehemu ya kawaida ya waya: inayeyuka chini ya nyuzi 200, na koili hizi zikivuta mzigo mzito kwa dakika chache joto lake si la mchezo. Badilisha washa ya plastiki hata kama inaonekana nzima. Kisha kaza nati ya chini kwanza, peke yake, pima tena, ndipo uweke kebo.

Sasa lazima niseme ukweli: baada ya hapo winchi imenishangaza. Inavuta gari lililozama hadi ekseli bila kusita, breki ya ngoma inayozungushiwa kamba inashika, na kebo walizotoa ni nzuri kweli, shaba tupu ya milimita 35 za mraba. Niliikwaruza kwa kisu nikitegemea kukuta aluminiamu iliyopakwa shaba, sikuikuta. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa karibu nusu ya miliohmu kwa mita. Kwa ampea 400, mita 4 za kwenda na kurudi zinakula volti 0.8. Ukiweka ya milimita 16 unapoteza karibu volti 1.75, na mota inayokosa volti inavuta polepole, inachemka, na lawama anabebeshwa mtengenezaji. Kebo hasi nayo itoke kwenye bolti ya ethi ya mota hadi betri yenyewe. Usiifunge kwenye bampa iliyopakwa rangi. Swichi kubwa ya kukata umeme ikae karibu na betri, kabla ya boksi la solenoidi.

Jaribio la kwanza lifanyike kamba ikiwa imetolewa mita kadhaa na ndoana haijafungwa popote. Ukibonyeza kutoa na kamba ikaingia, F1 na F2 zimepishana, zibadilishane hizo mbili tu. Kugeuza chanya na hasi hakusaidii, mota hii inazunguka upande uleule hata ukigeuza betri, kwa kuwa fildi na amecha zinageuka pamoja.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kwa jinsi inavyovuta nikapandisha hadi nne, nikasema moyoni labda nilikuwa mkali mno. Halafu majuzi nikafungua mota ya pili ya aina hiyohiyo, ya mwenzangu, haijaguswa bado, na nati ya chini ya A imelegea vilevile, inazunguka kwa vidole. Kwa hiyo si bahati mbaya ya mota moja, na yule bwana wa simu aliponiambia nimeivunja mwenyewe alikuwa hajafungua hata boksi moja la bidhaa anayouza. Nyota mbili. Ukiinunua, nenda na spana nyembamba namba 13, na usiguse nati za juu kabla hujakaza za chini.