Valvu ya kupumulia motere (injini) niliyonunua Birere, hapa Goma: inalia ila haizibi

Corolla yangu ya zamani, motere 4A-FE, ilianza kutoa jasho la mafuta kwenye kifuniko cha juu, nikabadilisha gasketi, mwezi haujaisha mafuta yakarudi na safari hii hadi filta ya hewa imelowa. Fundi wangu wa Ndosho akacheka, eti gasketi unaionea bure, motere imekosa pa kupumulia. Akang'oa valvu, ile wanaita PCV, kwenye raba yake juu ya kifuniko, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Ndani lami tupu. Ule moshi unaoponyoka kwenye ringi za pistoni unatakiwa ufyonzwe hapo urudi kuchomwa, ukikosa njia ndo unasukuma mafuta nje.

Basi nikashuka Birere, duka silitaji, nikapewa mpya, dola 5, boksi safi kabisa, naitikisa inalia ka-ka-ka. Nikalipa. Tulipoiweka tu, ralanti (mzunguko wa motere gari likiwa limesimama) ikaanza kupanda na kushuka kama mtu mwenye homa.

Tukaitoa. Fundi akachomeka kakipande ka mpira safi upande unaokaa kwenye kifuniko, akapuliza, hewa ikapita, sawa. Akageuza upande unaoenda kwenye maniforidi ya hewa, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye motere: hapo inatakiwa ikatae, au ipite kwa shida sana. Hii ikapita vilevile, kama unapuliza filimbi! Kumbe kale kapistoni ka ndani kanacheza ila hakazibi, yaani tumeiwekea motere tundu la kuvuta hewa ya bure. (Puliza tu, usivute kwa mdomo, hasa ya zamani, mle ndani mna sumu ya mafuta na petroli.)

Nikarudi nayo. Kijana wa duka: "Papa, si inalia? Kama inalia ni nzima." Nikamwambia ndugu yangu, kulia ni kuonyesha haijakwama, haina maana inafunga. Hakutaka kurudisha pesa ila alikubali nichague, nikapuliza tatu palepale kwenye kontwari watu wananishangaa, mbili mbovu, ya tatu ikakataa hewa vizuri.

Hiyo ya tatu ndo iko kwenye gari. Motere ikiwa kwenye ralanti niliichomoa kwenye kifuniko, mpira wake ukiwa bado umeshikana nayo, nikaziba mdomo wake na kidole: kikavutwa, ndani ikagonga tak, na mzunguko ukashuka kidogo. Wiki ya tatu sasa, na hizi barabara zetu za makoro (mawe ya volkano), kifuniko kikavu, ralanti imetulia.

Kifaa chenyewe, ukipata kizima, nakipa 4 kwa 5. Duka lenyewe lipate 2 kwa 5, na hiyo moja ya ziada ni kwa sababu kijana hakunifukuza nikimpulizia bidhaa zake. Mpira wa valvu hawakuwa nao, wangu umeanza kupasuka kwenye kona, bado nautafuta.