Mgodi wa Big Pit na reli ya Blaenavon: ziara moja yenye milango miwili

Mji wa Blaenavon, kusini mwa Wales, umekaa juu mlimani kwenye chanzo cha bonde la mto Afon Lwyd, na usingekuwapo kama makaa ya mawe, mawe ya chuma na chokaa visingepatikana karibu karibu katika milima ile. Wageni wengi hufika kwa ajili ya Big Pit, mgodi wa zamani ambao sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Makaa ya Mawe ya Wales, wakashuka chini, wakanunua kumbukumbu dukani, kisha wakaondoka. Maoni yangu ni kwamba wanaondoka na nusu ya habari, kwa sababu makaa yasiyo na njia ya kufika sokoni ni mawe meusi tu, na njia hiyo bado ipo, hatua chache kutoka mgodini.

Nianze na mgodi, ambao unastahili sifa zake zote. Kabla ya kushuka, mgeni huacha juu simu, saa ya betri, kiberiti na kitu chochote kinachoweza kutoa cheche, kwa kuwa hofu ya gesi ya methani si maonyesho bali ni kanuni ya usalama. Halafu huvishwa kofia ngumu, taa, na mkanda wenye betri na kifaa cha kujiokoa endapo hewa itaharibika. Vyote pamoja vina uzito wa karibu kilo 5, na baada ya dakika chache za kutembea umeinama utauhisi kiunoni. Kizimba kilekile cha aina waliyotumia wachimbaji hukushusha mita 90. Shimo lenyewe, lililochimbwa mwaka 1860 na kuongezwa kina mwaka 1880, lilipata jina lake kwa upana: lilitosha kupitisha magari mawili ya makaa sambamba.

Waongozaji ni watu waliofanya kazi migodini, na hapo ndipo Big Pit inapoyashinda makumbusho mengi niliyowahi kuingia. Hawasomi maandishi ya ukutani. Wanakuonyesha mlango wa mbao uliokuwa ukidhibiti mkondo wa hewa, kisha wanaeleza kuwa aliyeufungua na kuufunga alikuwa mtoto, akikaa gizani siku nzima kusubiri magari yapite, hadi sheria ya mwaka 1842 ilipopiga marufuku wanawake na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Kisha wanaomba taa zote zizimwe. Mazizi ya farasi yapo pia, yakiwa na vibao vya majina yao. Mgodi ulifungwa tarehe 2 Februari 1980 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1983, kwa hiyo anayetaka kuisikia habari hii kwa vinywa vya walioiishi asiahirishe safari miaka mingi.

Juu ya ardhi, msipite haraka kwenye bafu za wachimbaji, zilizojengwa mwaka 1939. Kabla yake mwanamume alirudi nyumbani na vumbi lote mwilini, na kazi ya kuchemsha maji, kufua na kusugua ilikuwa ya mke wake. Jengo lile, lenye makabati yaliyopangwa safu kwa safu, lilipunguza mzigo wa wanawake ambao hawakuwahi kushuka shimoni.

Sasa reli. Bonde liliunganishwa na bandari ya Newport kwa reli mwaka 1854. Baadaye njia nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Brynmawr, ili makaa yafike viwanda vya Uingereza ya kati bila kuzunguka pwani. Kipande cha njia hiyo ndicho kinachotunzwa na wanaojitolea wa Reli ya Pontypool na Blaenavon. Jina ni kubwa kuliko safari, maana treni haifiki Pontypool. Hata hivyo mteremko unatosha kukufundisha kitu. Ukisikia kichwa cha mvuke kikihema kuelekea kituo cha Whistle Inn kikiwa na mabehewa machache ya abiria, unaelewa mara moja kwa nini garimoshi la makaa lililopita hapa lilikuwa kazi ngumu kwa mashine na kwa watu. Treni hazitembei kila siku, hivyo ratiba ikaguliwe kabla ya kupanga siku ya safari.

Mwenye muda aongeze tanuri za chuma mjini, zilizoanza kazi mwaka 1789. Mnara wake wa mwaka 1839 uliinua mizigo kwa uzito wa maji peke yake, ubunifu unaopendeza kwa urahisi wake. Katika mji huu pia, mwaka 1878, Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walithibitisha njia ya kuondoa fosforasi kwenye chuma, na hivyo kuwafungulia Wajerumani na Wamarekani madini yao mengi ambayo awali hayakufaa kwa feleji. Nadhani hakuna mji uliowasaidia washindani wake kwa ukarimu kiasi hicho.

Watoto walio chini ya urefu wa mita 1 hawaruhusiwi kushuka mgodini, na anayetumia kiti cha magurudumu awasiliane na makumbusho mapema. Vaeni viatu imara na koti hata mwezi wa Julai, kwani upepo wa mlimani haujali majira. Shukeni mgodini asubuhi, kabla foleni haijarefuka, halafu mpande treni mchana.