Ukaguzi wa unyevu wa kuta: tulichopata kwa fedha tuliyolipa Dodoma

Watu wengi wa Dodoma huamini kuwa ukuta wenye unyevu ni tatizo la Tanga na Dar es Salaam, kwa kuwa mji wetu upo katika ukanda wa nusu jangwa na hupata mvua ya takriban milimita 600 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Nami niliamini hivyo hadi rangi ya chumba anacholala mama yangu, hapa Nkuhungu, ilipoanza kubanduka kutoka chini, chumvi nyeupe ikachomoza juu ya lipu, na baadaye fangasi nyeusi zikaota nyuma ya kabati. Mama ana pumu, na fangasi za ukutani huichochea pumu, hivyo sikuweza kulichukulia jambo hili kuwa la urembo wa nyumba. Kwa miaka miwili tulipaka rangi upya mara mbili, mara ya pili rangi ya mafuta, na kila mara ilivimba na kudondoka kabla ya miezi sita kwisha. Fundi wa tatu aliposhauri tubomoe lipu ya nyumba nzima na kupiga nyingine yenye dawa ya kuzuia maji, niliamua kumlipa kwanza mtu wa kutafuta chanzo.

Mkaguzi tuliyempata ni mhandisi wa majengo anayefanya kazi hii na msaidizi mmoja. Hajengi wala hauzi dawa za kuta, na kwangu hicho kilikuwa kigezo cha kwanza, kwa sababu auzaye dawa huona kila mahali ugonjwa unaotibiwa na dawa yake. Alitoza shilingi 250,000 kwa nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na ripoti ya maandishi na ziara ya pili ya kupima tena.

Alikuja mwezi wa Septemba. Nilidhani angependelea msimu wa mvua, lakini alieleza kuwa kiangazi chetu chenyewe ni ushahidi: ukuta unaoendelea kulowa baada ya miezi minne bila tone la mvua haupati maji hayo kutoka kwenye paa, bali kwenye bomba, ardhini au kwenye bustani inayomwagiliwa.

Karibu saa nzima ya kwanza hakuingia ndani. Alizunguka nyumba akitazama mifereji ya paa, nyufa za nje, chemba za maji machafu na, kwa makini kuliko vyote, kimo cha ardhi kwenye ukuta. Juu ya msingi hulazwa tabaka la nailoni la kuzuia maji ya ardhini yasipande kwenye tofali, ambalo mafundi huliita DPC, na kanuni ya ujenzi hutaka tabaka hilo libaki angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi ya nje. Upande wa sebuleni, mwenye nyumba aliyetangulia alijaza kifusi na kutandika pevingi hadi tabaka hilo likafukiwa kabisa, kisha sisi wenyewe tukapanda maua palepale na kuyamwagilia kila jioni. Hakuna fundi aliyewahi kuliona hilo, nami nilipita juu ya pevingi hizo kila siku.

Ndani, alipima kuta kwa kifaa chenye sindano mbili, nukta kwa nukta, kutoka sakafuni kwenda juu, huku msaidizi akiandika kwenye mchoro wa kila chumba. Alinionya nisizichukulie namba hizo kama asilimia ya maji, kwa kuwa kifaa hicho kimerekebishwa kwa ajili ya mbao na chumvi iliyo kwenye lipu hukipandisha hata pakiwa pakavu. Faida yake ni kulinganisha sehemu na sehemu. Sebuleni unyevu ulikuwa mkubwa chini na ukaisha kabla ya kufika mita moja, kama ulivyo kawaida ya unyevu upandao kutoka ardhini. Chumbani kwa mama ulikuwa mkubwa zaidi kwenye kimo cha kiuno, kwenye ukuta unaopakana na bafu. Hapo alitoboa tundu dogo, akachukua unga wa tofali na kuuchanganya na kabaidi ndani ya chupa ya chuma iliyofungwa, kwa kuwa maji yakikutana na kabaidi hutoa gesi, na mgandamizo wa gesi hiyo huonyesha kiasi halisi cha maji.

Kipimo kilichonifundisha zaidi hakikuhitaji kifaa chochote. Nyumba nyingi hapa, kwa sababu ya mgao wa maji, hutumia tangi la juu, na bomba linalovuja baada ya tangi haliwezi kuonekana kwenye mita endapo koki ya kuingiza maji tangini imefungwa. Alituagiza tuifunge koki hiyo usiku, tufunge na za vyoo, tuweke alama kwenye kimo cha maji ya tangi, na asubuhi tukague kabla ya mtu yeyote kufungua bomba. Maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Fundi bomba alipofungua ukuta wa bafu alikuta kiungo kinachotiririsha polepole ndani ya tofali.

Ninayo malalamiko mawili, na ninayaandika kwa sababu yanazuilika. Kwanza, hakupanda darini kwa kuwa hakuja na ngazi ndefu, na ingawa hoja yake kuhusu kiangazi ni nzuri, paa letu ni lile la kuficha lenye mfereji wa zege, ambao ulistahili kuonwa. Anayepanga ukaguzi na aulize mapema kama dari limo. Pili, ripoti ilichelewa siku tisa na iliandikwa kwa Kiingereza tupu. Picha na michoro yake ni bora, lakini mama, ambaye chumba ni chake, hakuweza kuisoma, na fundi bomba pia ilibidi atafsiriwe. Nilipoomba maelezo kwa Kiswahili, mkaguzi alinipigia simu akaeleza kwa uvumilivu, jambo ninalomshukuru, ila maelezo ya simu hayabaki kwenye faili.

Matengenezo yenyewe yaligharimu chini ya robo ya kazi aliyopendekeza fundi wa tatu: kubadilisha kiungo, kung'oa safu mbili za pevingi na kifusi chake, kuhamisha maua, na kubandua lipu ya kuta mbili tu. Kilichobaki ni subira. Ripoti ilieleza kanuni ya kukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, yaani takriban miezi sita kwa tofali zetu za inchi sita, na ikatutahadharisha tusirudishe rangi ya mafuta, kwa kuwa huufungia unyevu ndani. Aliporudi mwishoni mwa Januari, mvua zikiwa zimekolea, ukuta wa sebule ulikuwa umeshuka hadi kulingana na kuta kavu, lakini ule wa bafu bado. Mama amehamia chumba cha mbele, na ukuta wake tumeuacha tofali tupu.