Siku Steringi Alipokufa: Tathmini ya Misimu ya Mwisho ya Power Rangers

Sisi tuliokulia Ujiji katika miaka ya tisini, tukapitia vibanda vya video, tulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyetufundisha: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini atarudi. Kwa imani hiyo tuliketi juu ya magunia mbele ya televisheni moja ndogo, kila mtoto akiwa ameshatoa sarafu yake ya shilingi 50, tukawatazama vijana watano wa mji wa Angel Grove wakigeuka kuwa marenja, yaani mashujaa wenye mavazi ya rangi na kofia, na kupambana na majitu yaliyotumwa kutoka mwezini. Baada ya kukaa mbali na Power Rangers, mfululizo huo wa televisheni wa Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini, nimemaliza kutazama kazi zake tatu za mwisho, yaani Dino Fury, filamu fupi ya Once & Always na Cosmic Fury. Katika mojawapo ya hizo steringi amekufa kweli, na ndiyo iliyonigusa kuliko zote.

Kwanza nieleze nilivyoujua mfululizo huu, kwa kuwa hukumu yangu inatoka huko. Kanda za kibanda chetu zilikuja kwa njia ya ziwa kutoka Bujumbura, na nyingi zilikuwa zimetiwa sauti za Kifaransa. Zordon, yule mzee wa hekima anayeonekana kichwa kitupu ndani ya mnara wa kioo, mimi nilimfahamu akisema Kifaransa, na kijana mmoja aliyetoka upande wa Kongo alisimama kando ya deki akitufasiria kwa Kiswahili cha ng'ambo. Kisa tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha sehemu tano cha mwaka 1993, ambamo mchawi Rita Repulsa anamroga kijana Tommy Oliver na kumfanya renja wa kijani anayewapiga wenzake. Kanda yetu ilikatika katikati ya sehemu ya tatu, na hapakuwa na nyingine. Kwa miaka tulibishana barazani kuhusu namna Tommy alivyookoka, maana katika kanda zilizofuata tulimwona yuko upande wa haki, na baadaye hata amevaa nyeupe, na kila mtoto alikuwa na maelezo yake. Kabla ya kuanza misimu mipya nilirudi kuitafuta sehemu ya tano, nikaiona hatimaye: Jason, renja mwekundu, anauvunja Upanga wa Giza na uchawi unamtoka Tommy. Nilisimamisha picha, nikampigia rafiki yangu wa utotoni ambaye siku hizi ana boti ya dagaa pale Kibirizi, nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mdogo wako alikuwa anasema kweli."

Jambo jingine nililolielewa ukubwani ni midomo. Tulikuwa tukiona kwamba mdomo wa Rita haulingani na maneno yake, tukadhani ni kosa la Kifaransa. Sivyo. Power Rangers, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 Agosti 1993 chini ya Haim Saban na Shuki Levy, ilijengwa juu ya picha za mapigano zilizokwisha kupigwa Japani na kampuni ya Toei kwa ajili ya mfululizo wao wa Super Sentai, ulioanza tangu mwaka 1975. Msimu wa kwanza ulichukua picha za Zyuranger, msimu wa Super Sentai wa mwaka 1992, pamoja na mwigizaji Machiko Soga aliyecheza yule mchawi, kisha akawekewa sauti ya mtu mwingine. Ndiyo maana pia vazi la renja wa njano halikuwa na sketi kama la renja wa pinki, kwani kule Japani renja wa njano alikuwa mwanamume. Kazi hiyo ya kushona vipande vya nchi mbili naiheshimu sana, na nadhani watoto wa Kigoma, waliokuwa wakipokea hadithi ya Kijapani iliyopita Marekani na kuvaa Kifaransa kabla ya kufika Kiswahilini, walikuwa na haki ya kuifurahia kuliko wengi.

Sasa nije kwenye Once & Always, iliyotolewa na Netflix tarehe 19 Aprili 2023 kuadhimisha miaka 30. Ina dakika zipatazo 55 tu. Wamerudi David Yost aliyecheza Billy na Walter Jones aliyecheza Zack, marenja wa kikosi cha kwanza, wakiwa watu wazima wenye nyuso zilizoishi, pamoja na Steve Cardenas, Catherine Sutherland, Karan Ashley na Johnny Yong Bosch wa vikosi vilivyofuata. Katika dakika za mwanzo kabisa, Rita aliyerudi katika mwili wa roboti anamlenga Billy, na Trini, renja wa njano, anaruka mbele yake na kulipokea pigo. Hafufuki. Wanaobaki wamesimama na kofia zao mkononi, na Zack ndiye anayepaswa kumlea binti wa marehemu, Minh.

Niliposoma baadaye kwamba Thuy Trang, aliyemcheza Trini, alifariki katika ajali ya gari mwaka 2001, nilikaa kimya muda mrefu. Habari hiyo haikutufikia. Huku kwetu Trini aliendelea kuishi kwenye kanda zilezile zilizochakaa, na wasichana wa mtaa wetu waliendelea kugombania kuwa yeye kila tulipocheza chini ya miembe, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa. Watengenezaji wangeweza kumtafuta mwigizaji wa kufanana naye, au kumtaja kwa mbali kama mtu aliyehamia mji mwingine. Badala yake wameuweka msiba wenyewe katikati ya hadithi, wakampa Trini kifo cha mtu aliyechagua kumkinga mwenzake, na mwishoni wakaiweka filamu wakfu kwake na kwa Jason David Frank, Tommy wetu, aliyefariki Novemba 2022. Sijaona kipindi cha watoto kilichotimiza wajibu wa matanga kwa adabu kama hii.

Filamu yenyewe haikosi kasoro. Kisa cha Rita kurudi ni chepesi mno: Billy, akijaribu kumrejesha Zordon, anakusanya bila kujua na uovu wa Rita, kisha uovu huo unaingia ndani ya roboti msaidizi Alpha, na yote hayo yanaelezwa kwa haraka kana kwamba mtazamaji anasubiriwa na basi. Hata hivyo hatia ya Billy imechezwa vizuri. Yost anapomkiri Minh kwamba yeye ndiye aliyeufungua mlango uliomuua mama yake, hasemi kwa sauti ya juu wala halii kwa kujionyesha, bali anatazama chini kama mtu aliyejizoeza maneno hayo mwaka mzima na bado hayajamtoka vizuri. Hasira ya Minh nayo imeachwa iwe hasira. Anataka kulipiza kisasi, anajaribu kubadilika kuwa renja na nguvu zinamkataa, na zinamkubali pale tu anapofanya kile alichofanya mama yake, yaani kumkinga mwingine. Mpwa wangu wa miaka minane, anayekuja kwangu Mwanga kila likizo kutoka Ujiji, aliona hilo kabla sijalisema. Aliniuliza, "Mjomba, kwa hiyo nguo ya njano ilikuwa inamsubiri?" Nikamjibu ndiyo.

Dino Fury ni chakula cha kawaida zaidi, nami nimekifurahia. Msimu wake wa kwanza ulionyeshwa mwaka 2021 na wa pili ukatoka mwaka 2022, jumla sehemu 44, ukitumia picha za Ryusoulger wa Japani. Zayto, shujaa wa sayari ya Rafkon, anaamka baada ya kulala miaka milioni 65 na kukusanya kikosi katika mji wa Pine Ridge. Nusu ya kwanza ina sehemu nyingi za kujaza, ambamo jitu linatokea, linapigwa, linakuzwa, linapigwa tena, na mtu mzima anayetazama peke yake anaweza kuziruka asipoteze kitu. Uzuri wake uko kwa adui. Void Knight, aliyevaa chuma mwili mzima, hatamani kuitawala dunia. Anaiba nguvu ili amwamshe mwanamke anayempenda, naye mwanamke huyo ana uhusiano na mmoja wa marenja ambao sitautaja, kwa kuwa mpwa wangu aliruka kutoka kwenye mkeka alipoujua na ningependa wengine waruke pia. Zamani adui alikuwa mwovu kwa sababu kazi yake ni uovu. Huyu unamhurumia, na bado unataka ashindwe.

Cosmic Fury, uliotolewa Netflix tarehe 29 Septemba 2023 ukiwa msimu wa 30, umekibakiza kikosi kilekile, jambo ambalo kwa mfululizo uliozoea kubadilisha vijana kila mara ni zawadi kwa mtazamaji. Pia ni msimu wa kwanza ambao mavazi ya marenja hayakutoka kwa Super Sentai. Yameshonwa kwa ajili yake, na picha za Kijapani zimebaki kwenye roboti kubwa tu. Kwa macho yangu mavazi hayo ni mepesi kidogo na hayana ule uzito wa yale ya zamani, lakini faida yake ni kubwa: mapigano sasa yanawahusu watu tunaowajua, kwa sababu hayakupigwa kwanza kwa ajili ya watu wengine. Mtu akijeruhiwa, jeraha linabaki hadi sehemu inayofuata. Javi, mmoja wa marenja, anapoteza mkono vitani, na haurudi. Anapata wa chuma. Mwenzake Ollie anavutwa upande wa Lord Zedd, adui mkuu, na wenzake wanabeba maumivu hayo sehemu kadhaa. Billy yupo tena, akiwa mtu mzima wa kikosi, akitoa maarifa kama yule Zordon aliyemlea.

Halafu kuna Amelia. Zayto anapoondoka mbele ya kikosi, Amelia, ambaye katika Dino Fury alikuwa renja wa pinki, ndiye anayepokea nyekundu na uongozi, na anakuwa mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo kwa msimu mzima tangu mwanzo wake. Hunter Deno anamcheza bila kumgeuza kuwa mtu mwingine. Ni yuleyule mwandishi wa habari anayeamini mizimu, anayecheka ovyo, isipokuwa sasa anaogopa kukosea kwa sababu wengine wanamtegemea. Nakumbuka jinsi wasichana wa kibanda chetu walivyopangiwa njano au pinki kabla mchezo haujaanza, na hakuna aliyewauliza. Mpwa wangu hakuuona msimu huu kama ajabu. Alidai kitenge chekundu cha mama yake kesho yake asubuhi, basi.

Lawama yangu kubwa kwa Cosmic Fury ni ufupi. Sehemu kumi hazitoshi kwa hadithi yenye mambo mengi hivi. Mkono wa Javi ulistahili sehemu nzima ya ukimya, kijana huyu ni mwanamuziki, na mwanamuziki aliyepoteza mkono ana mengi ya kusema, lakini anapewa muda mchache kabla ya vita inayofuata. Fern anaingia kikosini akiwa renja wa rangi ya chungwa na hajapata nafasi ya kutosha kujulikana. Mzaha nao mara nyingine unaingia pale ambapo mtazamaji bado anameza mate. Ningekubali roboti chache zaidi ili nipate mazungumzo zaidi.

Lawama ya pili ni ya lugha. Nilipotazama sikukuta sauti wala maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo nimefanya kazi ileile ya yule kijana wa kando ya deki: nimekaa kwenye kiti kidogo pembeni ya televisheni nikimfasiria mpwa wangu na rafiki zake wawili, sentensi baada ya sentensi, mpaka sauti ikakauka. Kuna maneno yaliyonipa taabu. Neno lao la kubadilika kuwa renja niliishia kulisema "vaa nguvu", na watoto wakalipokea wakaanza kulipigia kelele uani. Kuhusu gharama, anayetegemea bando la simu kama mimi ajue kwamba sehemu kumi mfululizo kwa picha ya ubora wa juu zitamaliza kifurushi cha wiki. Mimi nilishusha ubora na kutazama sehemu moja kila usiku baada ya swala ya Isha, na kwa hadithi inayoendelea kama Cosmic Fury mpangilio huo uliifaa.

Kwa anayetaka kurudi kama nilivyorudi, nashauri aanze na zile sehemu tano za Tommy za mwaka 1993, kisha aangalie Once & Always akiwa na watu wazima wenzake kwanza, maana kifo cha Trini kinahitaji mtu wa kukaa naye, halafu amwite mtoto wa nyumbani waanze Dino Fury pamoja na kuingia Cosmic Fury moja kwa moja. Once & Always naipa nyota tano kati ya tano, pamoja na wepesi wa kisa chake. Dino Fury naipa tatu na nusu, Cosmic Fury nne.

Rafiki yangu wa Kibirizi ameomba tumwonyeshe sehemu ya tano ya Tommy mwezi ukiwa mkubwa, siku ambazo boti za dagaa hazitoki. Amesema atamleta na mdogo wangu.