Viatu vya kununua Tanga ukiijali miguu yako: kuanzia bora hadi vya kuepuka

Joto la Tanga halikionei huruma kiatu kibaya. Jasho likifungiwa ndani ya plastiki kutwa nzima, jioni ngozi ya kati ya vidole imelainika na kuwa nyeupe, na hapo fangasi wamepata makazi. Ndiyo maana nimepanga viatu kwa maswali mawili, bei ikija baadaye: kinapitisha hewa? Kinashika kisigino?

Namba moja kwangu ni sandali ya ngozi yenye mkanda wa nyuma. Sisemi makubadhi ya kuchomeka kidole, ingawa kwa msikitini na matembezi mafupi yanafaa sana. Mkanda wa nyuma ndio unaoviacha vidole vitulie, visijikunje kung'ang'ania kiatu kila hatua. Kabla ya kulipa, ishike mkononi uikunje. Inatakiwa ipinde pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama chapati, irudishe. Kisha geuza utazame soli: iwe imeshonwa kwa uzi, kwa sababu gundi peke yake haivumilii maji ya masika. Kasoro yake ni kwamba kisigino kinabaki wazi na kukauka. Mwenye magaga apake mafuta ya mgando kila usiku baada ya kunawa miguu.

Namba mbili ni raba za mtumba, hasa kwa anayesimama kutwa: mwalimu, mama ntilie, muuza duka. Ukiwa Ngamiani mbele ya fungu la raba, usivutwe na jina lililoandikwa ubavuni. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Soli iliyolika upande mmoja itakulaza upande huohuo, na goti litalipa. Chomoa soli ya ndani. Ukiona alama za vidole zimezama, jua kiatu kimeshafuata umbo la mguu wa mwingine. Ukiinunua, ioshe kwa sabuni na uianike juani mpaka ikauke kabisa. Vaa na soksi za pamba, na ukiweza uwe na jozi mbili za kupokezana, ili moja ipate siku nzima ya kukauka.

Namba tatu, kiatu cha ngozi cha kufunika kwa ajili ya ofisini. Kizuri kikiwa kipana mbele. Yeboyebo ni ya nne: matope na ufukweni sawa, kutwa hapana. Ndala ni ya tano. Bafuni, hasa bafu la watu wengi, ni kinga nzuri, lakini kuitembelea kutoka Makorora hadi mjini kila siku ni kukitafutia kisigino maumivu. Mwisho kabisa ni mchuchumio na viatu vilivyochongoka mbele. Huko ndiko sugu, kucha zinazozama nyamani na kidole gumba kilichopinda vinakoshamiri.

Chochote utakachochagua, nenda kununua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, ufuate ule mkubwa, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Unayemnunulia hawezi kuja dukani? Chora unyayo wake kwenye boksi, ukate, uuingize ndani ya kiatu, ukijikunja, hakimtoshi. Muuzaji akisema "kitaachia tu," mwambie akuletee namba inayofuata.

Kwa mwenye kisukari mpangilio huu unabadilika, na nawaomba sana wenye wazee nyumbani walizingatie hili. Ganzi ikishaingia miguuni, msumari unaweza kuchoma asihisi. Mnunulieni kiatu cha kufunika, kipana, laini ndani, kisicho na mshono unaokwaruza. Akung'ute na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, asitembee pekupeku hata uani, na nyayo zikaguliwe kila jioni. Akionekana na kidonda, hata kisichouma, apelekwe siku hiyohiyo hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu.