Stihl TS 420: fungua maji kwanza, ndipo uvute kamba

Kazi yangu ni kukata slabu na kingo za barabara, na mashine ninayoshika siku nyingi ni Stihl TS 420, mashine ya mkononi ya kukatia zege kwa diski. Inatumia petroli iliyochanganywa na oili kwa uwiano wa 50 kwa 1, na diski yake ni ya milimita 350, yaani inchi 14. Inazama milimita 125. Slabu nene kuliko hapo haiwezi kuimaliza kwa upande mmoja.

Ninachokipenda zaidi ni paipu ya maji iliyofungwa kwenye gadi, yaani kikinga cha diski. Vumbi la zege lina silika, na chembe zinazoharibu mapafu ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Ukizivuta kwa miaka, mapafu hujaa makovu yasiyopona. Kwa hiyo maji yatiririke pande zote mbili za diski, angalau nusu lita kwa dakika. Ukiona wingu jeupe badala ya tope, zima, kagua matundu. Mara nyingi yamezibwa na uchafu wa jana. Barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini, bado naivaa, tena inayobana uso vizuri, pamoja na miwani na vizibo vya masikio.

Kitu cha kuogopa hapa ni robo ya juu ya diski, upande wa mbele. Ikigusa zege au ikibanwa, mashine inakurukia usoni kabla hujajua kimetokea nini. Ndugu yake TS 440 ana breki ya kusimamisha diski, hii haina. Tegemeza kipande unachokata ili mkato ufunguke wenyewe, wala usipindishe diski ikiwa ndani. Usiikandamize pia: mashine ina karibu kilo 10, uzito huo unatosha.

Diski ndizo zinazokula pesa. Diski ya almasi ikianza kuteleza juu ya zege gumu huku ikitoa cheche, wengi huitupa. Subiri kwanza: almasi zimefunikwa tu. Pitisha diski mara kadhaa kwenye tofali laini la mchanga, itauma tena. Ila ikiwa na ufa, au chuma chake kimelika chini ya meno, hiyo imekwisha. Diski za resini, zile za kusaga zisizo na almasi, zina tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pete ya katikati, na tarehe ikipita sifungi hata kama diski ni mpya kabisa. Kasi iliyoandikwa kwenye diski yoyote isiwe chini ya kasi ya mashine.

Matunzo yake hayachoshi. Chujio la hewa halihitaji kusafishwa kila siku. Unaligusa nguvu ya injini inapopungua. Beliti ikilegea, diski inapoteza nguvu, basi ikaze. Jioni funga maji, acha diski izunguke kidogo irushe unyevu, kisha futa tope kabla halijakauka, kwa sababu likishakauka ni zege.

Kwa kazi za nje naipendekeza bila kusita. Ndani ya jengo au kwenye shimo refu, hapana, hata ukifungua madirisha yote: moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Huko tumia mashine ya umeme iliyotengenezwa kukatia kwa maji, na uichomeke kwenye soketi yenye swichi ya kukata umeme ukivuja.