Nimefunga spotilaiti mara mbili: uzoefu wangu njia ya Kiwira hadi Mbeya

Nabeba ndizi kutoka Kiwira kwenda soko la Mwanjelwa, siku nne au tano kwa wiki. Ndizi haingoji jua. Saa tisa na nusu usiku napakia, saa kumi niko barabarani, na wanunuzi wa jumla nawakuta bado wanapiga miayo. Anayeijua njia hii hana haja ya kusimuliwa ukungu wa Isyonje. Kwa asiyeijua: barabara inapanda mpaka pale Isyonje inapochepuka njia ya Makete, kisha inateremka kuelekea Igawilo na Uyole, na kule juu kuna usiku ambao ukipoteza mstari mweupe umepoteza kila kitu. Halafu ndiyo njia ya malori ya Malawi, yanayopita mpaka wa Kasumulu.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, hii hii ya bodaboda. Taa yake ya kiwandani ni wati 35, na inakula umeme moja kwa moja kwenye koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, haipitii betri, kwa hiyo ukiachia mafuta mteremkoni inafifia kama kibatari. Nilikuwa naona vizuri labda mita 25. Ukiwa spidi 60 unamaliza karibu mita 17 kwa sekunde moja. Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga mpaka usiku nilipokuta matawi yametandazwa kwenye lami, na hapo hapo nyuma ya matawi lori limekufa katikati ya njia, halina taa wala rifrekta. Nilipita ubavuni mwake kwa nafasi ya kiganja. Mkungu mmoja ulibaki pale.

Asubuhi ile ile, hata jasho halijakauka, nikanunua spotilaiti, taa za ziada za LED. Pea shilingi 25,000, boksi limeandikwa wati 125 kwa taa moja. Fundi waya akazifunga juu kwenye shokapu, pembeni mwa taa kubwa: waya umetoka betri, umepita swichi, umeingia taa, kwisha. Dakika ishirini, akachukua elfu tano yake.

Usiku wa kwanza nilicheka peke yangu barabarani. Naona migomba ya watu mpaka nahesabu mikungu. Nikapanda. Kufika kwenye ukungu, kicheko kikaisha: mbele yangu kuna ukuta mweupe kama shuka la hospitali. Mwanga ulikuwa unatoka karibu na usawa wa macho yangu, unagonga vitone vya maji hewani, unanirudia mwenyewe. Nikazima spotilaiti zote mbili, nikabaki na kibatari changu, na nikaona barabara vizuri kuliko zilipokuwa zimewaka. Elfu thelathini zangu zilikuwa zimeninunulia upofu.

Siku chache baadaye nakunywa chai Isyonje, dereva mmoja wa lori akaniuliza, "Dogo, wewe ndiye mwenye lile jua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Ukinipofusha kwenye kona nakuja upande wako, na sitakuwa nimetaka."

"Shikamoo, kaka. Lakini mbona nimeziinamisha? Nimezipima ukutani nyumbani."

"Ulizipima umebeba nini?"

Nilikuwa sijabeba kitu. Basi hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia: ukiweka mikungu mitano nyuma, pikipiki inakalia mkia, pua inanyanyuka, na taa ulizoziinamisha kwa uangalifu nyumbani zinakwenda kuangalia nyota. Abiria mmoja mnene anatosha kufanya hivyo hivyo.

Betri nayo ilikuwa na maneno yake. Kwa kuwa taa zilifungwa moja kwa moja kwenye betri, ukitoa ufunguo zinaendelea kuwaka. Asubuhi moja nikaziacha nikishusha mzigo na kubishana bei, kurudi napiga stata inasema tk, tk, tk. Nikapiga kiki mbele ya wateja wangu mpaka goti likauma. Wiki iliyofuata swichi ikaanza kunuka. Nikaifungua, plastiki ya ndani imelainika kama ubani uliotafunwa.

Nikazing'oa zote. Nina mdogo wangu amesoma umeme chuo cha ufundi VETA, akaja na mita yake ya kupimia umeme tukapima. Zile taa za "wati 125" zikiwaka zote mbili zinavuta ampea 3.1 kwenye volti 12.8, yaani kama wati 40 kwa jumla, 20 kila moja. Sisemi wati 20 ni chache. Kwa LED ni mwanga mwingi. Nasema boksi usilisome, soma mita. Na betri ya ampea-saa 5, ukiivuta ampea tatu injini imezimwa, saa moja na nusu haifiki kabla hujaanza kupiga kiki.

Mara ya pili nilinunua ndogo zenye rangi mbili, nyeupe na njano, shilingi 55,000 kwa pea. Zinavuta ampea 1.8 tu. Tumeziweka chini, kwenye ngao ya mbele ya injini, sentimita 60 kutoka ardhini. Safari hii tumeweka rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mnene unatoka betri, unapita fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na betri, unaingia mguu namba 30 wa rilei, unatokea 87 kwenda taa. Mguu 86 unachukua umeme wa ufunguo kupitia swichi, 85 unakwenda bodi, yaani chuma cha pikipiki, upande wa hasi. Swichi sasa inabeba umeme kiduchu wa kuamsha rilei, haipati hata vuguvugu, na ukitoa ufunguo kila kitu kinalala. Rilei na soketi yake elfu saba. Kama fundi wako anakwambia "hizi hazihitaji rilei, bosi," mwambie unajua ila unaitaka.

Kupima tulipima usiku, pikipiki kwenye sakafu tambarare, mita tano kutoka ukutani, mikungu mitano nyuma na mimi mwenyewe nimekaa. Katikati ya mwanga tukapaweka sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Kwa hesabu hiyo mwanga unagusa lami mita 30 mbele. Nikishusha mzigo unainama zaidi, unakuwa mfupi, lakini bora mimi nikose mita kumi kuliko dereva wa lori akose barabara.

Kuhusu njano: watu wanaisifu kama dawa ya ukungu. Kwangu mimi macho hayachoki kama kwenye nyeupe, hasa vumbi likiwepo, lakini nilijaribu nyeupe ikiwa pale pale chini na ukungu ulipitika. Kilichofanya kazi kubwa ni kushuka. Mwanga unapita chini ya macho, unalamba lami, ule unaorudi haukulengi wewe. Njano nawasha kwenye ukungu, nyeupe njia ikiwa kavu. Ile hali ya tatu, ya kumetameta, nimeikata waya kabisa, maana nilikuwa naibonyeza bahati mbaya na watu wananipisha wakidhani ni msafara.

Chaji haijalalamika. Injini ikiwa mwendoni betri inasoma volti 13.4 taa zikiwa zimewaka. Kwenye saileni, injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta, inashuka 12.5, kwa hiyo nikisimama kwenye foleni ya Uyole nazizima.

Mabaya yapo. Rungwe mvua haituonei huruma, na mwezi wa nne nikaona kioo cha kushoto kina jasho kwa ndani. Nikakifungua, nikakianika juani, nikapaka silikoni upya, na nashauri upake siku ya kwanza kabla ya kufunga. Nati za kiwandani zililegea kwa mtetemo ndani ya wiki mbili, taa ikawa inaitikia kila shimo. Nimeweka zile zenye plastiki ndani, zimetulia. Na taa zikiwaka redio inakoroma. Tumesogeza waya, tumezungusha tepu, bado inakoroma. Kwa hiyo kutoka Isyonje mpaka Uyole huwa naimba mwenyewe, na ndizi hazijalalamika.